Jina la Jirani

Nikinusa maziwa ya kibuyu kilichopakwa mkaa, namshukuru jirani yetu wa Kiminini, mama wa kabila la Wasabaoti ambaye sikumshukuru akiwa hai.

Siku moja, dada yangu mchanga alikuwa amekataa titi tangu alfajiri. Kwa desturi yetu sisi Wabukusu, nyanya alimwitia majina ya marehemu wetu ili anyamaze akisikia la yule aliyezaliwa tena ndani yake. Alizidi kulia.

Jirani, aliyetuletea maziwa, akamwinamia mtoto. "Cherop? Mama yangu, ni wewe?"

Mtoto akanyamaza, akanyonya.

"Maana yake nini?" nyanya akauliza.

"Aliyezaliwa mvua ikinyesha."

"Ati mvua, na hii jua yote?" Nyanya akajifuta macho. "Haya, mama yako amezaliwa kwetu. Sasa utaendaje nyumbani umwache? Keti hapa, mwanangu, ule."