Dakika Nzima

Wodini walimwita Bibi Saa, na jina hilo alilitolea jasho. Wengine wakitaka kujua pumzi za kichanga, huhesabu nusu dakika, wakazidisha mara mbili, wakaenda zao. Yeye hakuwa na mzaha huo. Kichanga hupumua mbiombio, akasita, akaanza tena, kwa hiyo nusu dakika humdanganya mtu. Alisimama kando ya kitanda, saa mkononi, midomo ikicheza, dakika nzima. Wauguzi walitaniana kwamba hata mchumba wake alihesabiwa hivyo hivyo mpaka akatoroka.

Utafiti wake ulihusu watoto waliozaliwa bila kulia. Mtoto akichelewa kuvuta hewa, ubongo unaweza kuumia na mapafu yakabaki dhaifu. Watoto mia mbili walipigwa picha ya ubongo wakiwa na wiki moja, kisha wakafuatiliwa hadi miaka mitano. Tiba waliipata kwa madaktari wa wodi. Picha za utafiti zilikuwa na namba tu, na daftari la majina lilifungiwa kabatini mpaka mtoto wa mwisho apimwe, maana mpimaji akishajua picha inasema nini, huona anachokitarajia. Ufunguo alikaa nao yeye.

Sasa, mdogo wake wa tumbo moja naye akajifungua mtoto asiyelia. Mtoto akaandikishwa kama wenzake. Wiki ya tatu mama mtu akaja ofisini, kitoto kifuani.

"Dada, daktari ananiambia tusubiri tuone. Mimi silali. Picha inasemaje?"

"Hata sijui ya kwenu ni ipi. Zina namba."

"Na majina yako wapi?"

Akalitazama kabati. "Mdogo wangu, sheria ni msumeno. Nikikufungulia wewe, nimeiharibu kazi yote."

"Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Haya."

Alisema hivyo tu, haya, akamfunika mtoto, akatoka.

Tusiwe wepesi wa kulaumu: watoto mia mbili walikuwa na mama zao mia mbili wasiolala. Ila upweke hauulizi nani ana haki. Bibi Saa alipiga simu, hazikupokelewa. Mtoto alipoletwa kupimwa, aliletwa na baba yake, na siku hizo mpimaji alikuwa mwenzake, ndivyo ilivyopasa. Nyumbani alikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia, kingine cha mafaili. Mara nyingi alikula amesimama. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Kwa hawa wawili ungelima miaka mitano.

Mtoto wa mwisho alipimwa Jumanne asubuhi. Akapuliza kifaa cha mapafu, mashavu yametuna, akasifiwa. Mchana daftari likafunguliwa mbele ya mashahidi wawili, na Bibi Saa akashusha kidole taratibu kwenye majina. Mtoto wa mdogo wake alikuwa namba sabini na tatu. Akaitafuta picha. Chini yake palikuwa na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, miaka mitano nyuma: haina dosari.

Wenzake walipotoka kwenda kula, akapiga simu. Alipokea mtoto.

"Haloo! Nani?"

"Mama mkubwa."

"Mama mkubwa yupi?"

Mtoto hakukata, alibaki akipumulia simu, na macho ya Bibi Saa yakaenda yenyewe kwenye saa. Akahesabu dakika nzima. Pumzi ishirini na mbili, bila mluzi, bila mkoromo. Bibi Saa alikuwa analia.

"Mama, kuna mtu hasemi!"

Mdogo wake akaichukua simu.

"Ni mimi," akasema Bibi Saa. "Tumefungua daftari. Picha yake ilikuwa safi. Tangu mwanzo ilikuwa safi."



"Alipotembea nilijua," mdogo wake akasema, bila ukali. "Alipoanza kuimba nikajua zaidi. Ila ule mwaka wa kwanza, dada, nilimwangalia usiku na mchana, peke yangu."

"Nilipiga simu. Hukupokea."

"Sikupokea, kweli. Lakini nyumba ulikuwa unaijua. Kabati ungeliacha hivyo hivyo limefungwa. Ungekuja tu, ukakaa."