Bakteria wa Mama Wamefia Dukani

Leo nimefukuzwa dukani Tunduma, na sijutii hata kidogo.

Mama amepanda soya ekari mbili kule Itaka. Mbegu alizichanganya na ule unga mweusi wenye bakteria hai, wale wanaotengeneza vinundu mizizini na kuupa mmea mbolea. Mbolea nyingine hakuweka. Aliwategemea hao.

Asubuhi tumeng'oa mimea kadhaa. Majani ya njano, mizizi mitupu. Hakuna hata kinundu kimoja!

Nikaibeba hadi kwa muuzaji aliyemuuzia Mama ule unga. Nafika, pakiti za unga zinaning'inia mlangoni, juani kabisa.

"Kaka, hawa ni viumbe hai. Jua linawaua!"

Akacheka. "Dada, bakteria si ndio ugonjwa? Wakifa afadhali."

Wateja nao wakacheka.

Halafu muuzaji akazishusha zile pakiti. Nikajua amenielewa.

Kumbe! Kachukua moja, anamuuzia mzee aliyekuwa nyuma yangu.

Nikamwonyesha mzee ile mizizi. Akairudisha pakiti, akaondoka.

Ndipo nikafukuzwa.

Jamani, Mama bado anapalilia. Anasema labda majani yatakuwa ya kijani wiki ijayo. Mngekuwa ninyi, mngemwambiaje?