Miche ya Wasichana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nasari moja pembeni mwa Kitale, nilikabidhiwa darasa la watoto wa miaka minne na mitano, ndoo ya maji na kona ya mazingira. Hiyo kona ni meza ya kuwekea majani, magunzi, mawe na mbegu, ili mtoto ajifunze kwa kushika. Nilikuta panya amekula mbegu zote. Mwalimu mkuu akacheka: "Madam, huyo naye si ni mazingira?"

Nilimpenda mzee yule. Ndiye aliyeniruhusu kuanzisha kitalu, mahali pa kuoteshea miche. Tulijaza udongo kwenye pakiti za maziwa zilizooshwa, tukazitoboa chini maji yasituame, na wiki za mwisho tukaipunguzia miche kivuli ili izoee jua la shambani. Samaki mkunje angali mbichi, na hawa wangu walikuwa wabichi kweli: walimwagilia mche mpaka ukaelea. Nyinyi walimu wa leo mna video. Sisi tulikuwa na matope.

Kisha nikahamishiwa upande wa Bungoma, karibu na Naitiri, alikozaliwa mume wangu. Huko mwiko wa zamani ulikuwa haujafa: mwanamke hapandi mti, akipanda, mumewe atakufa. Mwalimu mkuu wa huko, mtu wa kanisa, alipoona nimeanzisha kitalu kingine, aliniita ofisini.

"Madam, wavulana wapande, wasichana walete maji. Si hiyo pia ni kazi?"

Nilikataa. Mtoto hutunza alichokipanda kwa mkono wake, na wasichana walikuwa wengi darasani. Nami nikapanda mstari wa miti ya grevilia nyumbani kwangu, mchana kweupe, kila mtu aone. Kiburi nilikuwa nacho, sikatai.

Kukhu mmoja, yaani nyanya wa mtoto, alikuja kumtoa mjukuu wake shuleni. "Ati unafundisha mtoto wangu kuua bwana?"

Mwaka uliofuata mume wangu akafariki. Figo zilikuwa zimemsumbua muda mrefu, na ukoo wote ulijua. Lakini matangani shemeji yangu mkubwa alisimama akauliza, "Si huyu ndiye alipanda miti?" Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyeingia kwangu kunywa chai.

Niliporudi kazini mvua zilikuwa zimeanza na miche iko tayari. Niliwaza niwape wavulana peke yao, mambo yaishe. Msichana mmoja wa miaka mitano akanishika sketi.

"Ticha, bwana yako alikufa juu ya miti?"

"Hapana. Alikufa juu ya ugonjwa wa figo."

Akaachia sketi, akanyoosha mkono. "Basi nipatie yangu."

Nikampa. Nikawapa wote, hadi wa mwisho.

Sasa nimestaafu, nimepanga chumba Kanduyi, mbali na ukweni. Niseme wazi: nina upweke. Walimu vijana hunipigia simu kuuliza wawajibu nini akina kukhu. Nawaambia waanze kwa kumwambia mtoto ukweli, wakubwa watafuata polepole. Huwa nasema hivyo kwa sauti imara, na wao hushukuru. Simu ikikatika nabaki nimekaa, na kuna siku humwuliza marehemu, kwa sauti, kama ni mimi niliyemuua.