Maji ya birika la Bi Mwanaidi: siku niliyombatiza mtoto wa dada yangu Makambako

Kamwene wakuu. Mimi ni bibi yenu wa Njombe, mjukuu ndiye anayechapa. Hii si chai, si ya kutunga, niliifanya kwa mikono yangu enzi za Mwingereza.

Dada yangu Damari alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Tukapanda lori la mahindi kumwahisha hospitali, Ilembula.

Mvua ile! Makambako lori likazama kwenye tope, na uchungu haumsubiri dereva.

Akatupokea Bi Mwanaidi, Mwislamu, mke wa muuza chumvi. Ndiye aliyemzalisha Damari.

Mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Alilia kidogo, akanyamaza, midomo ikaanza kuwa ya bluu.

Damari akanishika mkono. "Mbatize. Asiende hivi hivi."

Niliogopa. Usharikani kwetu kichanga kisichobatizwa kilizikwa pembeni, nje ya makaburi, na kengele haikupigwa. Mama yetu alikuwa na wawili huko pembeni. Njia ile hakuipita kamwe.

Darasa la kipaimara nilifundishwa kwamba kwenye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Lakini kumjibu mwalimu darasani ni kitu kingine, jamani. Nikikosea, Mungu atamwadhibu nani, mimi au mtoto?

Nikaomba maji. Bi Mwanaidi akaleta birika lake la kutawadhia.

Nikasita. Maji ya udhu, kwa mtoto wa Kilutheri?

Akaniona. "Mwanangu, dini yenu siijui. Haya ni maji ya mvua, nimeyakinga leo. Fanya haraka, anaondoka."

Nikammiminia kichwani, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Na yeye aitwe nani? Hatukuwa tumepanga. Mdomo ukatamka jina lililokuwa karibu: Mwanaidi.

Hakukaa sana. Bi Mwanaidi akamfumba macho, akasema taratibu, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea."

Kesho yake tukarudi Njombe, nimempakata. Njia nzima nilikuwa na hofu ya mchungaji.

Alitukuta mlangoni pa kanisa. "Ulitumia maji?"

"Ndiyo."

"Ulisema nini?"

Nikayarudia maneno.

"Jina?"

"Mwanaidi."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Mchungaji, hilo ni la Waislamu."

Mchungaji akamgeukia Damari. "Ubatizo haurudiwi," akasema. Kisha akamwambia mzee, "Kapige kengele."

Ilipolia, mama alikaa chini kwenye majani mabichi akalia. Nadhani aliwalilia wale wawili.

Funzo langu, wakuu: ijue dini yako kabla ya siku ya kuihitaji, maana hofu haikupi nafasi ya kuuliza. Na jirani wa dini nyingine usimdharau, hujui birika la nani litakufaa.

Wakatoliki, Waislamu, kwenu kichanga kikiwa mahututi mnafanyaje? Andikeni hapa chini, mjukuu atanisomea.

Msalaba wa mtoto bado upo makaburini, katikati ya akina Elisabeti. Wageni huuliza Mwanaidi alifikaje pale.