Usilifute Shamba la Mlimani

Kuna siku moja ya wakati wa vita haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata jina la dawa ninayomeza. Keti hapo mkekani, acha kuangalia saa.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi ofisi ya mbegu mjini, mtaa wa Mutanga Sud. Nyumbani, mtaa wa Nyakabiga, nilibaki peke yangu. Mama alikuwa amevuka ziwa na wadogo zangu, na habari zao hazikuja. Mkeka wake niliukunja nikausukuma chini ya kitanda, maana kila nikiuona chakula hakishuki. Ofisini nako wengi walishaondoka; tulibaki mimi na mkuu wetu, Mama Zaina, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi na Kiswahili chake cha huko huko, mwanamke wa maneno machache na kahawa chungu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Aina kadhaa za maharagwe zilipandwa mahali mbalimbali, bondeni na milimani, na kwenye kompyuta tulikuwa na logisieli, yaani programu, ya kutuonyesha ipi inazaa bila kuyumba popote utakapoipanda. Jibu lilingojewa kwa hamu, kwa sababu mbegu tutakayoichagua ndiyo wangepewa watu wanaorudi kwenye vilima walivyovikimbia. Tukikosea, watapanda njaa.

Sasa, shamba moja la mlimani lilinitia wazimu. Walimaji walikimbia kabla ya palizi, mavuno yakawa ya kusikitisha, na likiwemo tu, hesabu yote inavurugika. Nikaliondoa. Lo! Aina moja nyekundu, yenye punje nene, ikapaa juu ya zote. Kizuri chajiuza, nikajisemea, nikamwita mkuu aje aone.

Mama Zaina akatazama, akatazama tena.

"We Saidi, ile shamba ya mulima iko wapi?"

"Nimeitoa, mama. Inaharibu hesabu."

"Apana! Inaharibu? Na hii mbegu tunapelekea batu gani? Si bale ba mulima ile ile? Unabatoa kwenye hesabu, kisha unabachagulia chakula?"

Nilikosa pa kuweka uso. Akaongeza polepole, "Penye kunauma usifunike, mutoto wangu. Pale njo utajua nani anakufaa."

Nikalirudisha shamba. Ile nyekundu ikaporomoka. Juu ikabaki aina ndogo ya kijivu ambayo hakuna aliyewahi kuisifu. Bondeni ilizaa kiasi, na mlimani, katikati ya magugu, haikumnyima mtu sufuria yake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hiyo ndiyo tuliyoipeleka.

Jioni niliuvuta mkeka wa mama, nikautandika mahali pake, nikala kando yake. Nililia, sikufichi. Upweke haukupungua hata kidogo, ila sasa nilijua namngoja nani.

Mama hakurudi. Mkeka ndio huo uliokalia.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Waniwie radhi, lakini hapo siwafuati. Ukipima kitu, kiwe mbegu, kiwe rafiki, kipime na pale palipoharibika. Na aliyekimbia, aliyenyamaza, usimtoe kwenye hesabu zako eti kwa sababu kumkumbuka kunauma. Lake liweke.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akujalie mtu wa kukutandikia mkeka siku utakapokuwa mbali, na akurudishe uukalie. Amin.