Kikohozi cha Salfa

Harufu ya salfa watu wengi hawaipendi. Mimi nikiisikia asubuhi ya mwezi wa sita, majani bado yana umande, namwona mama yangu amejifunga khanga puani na mdomoni, macho tu ndiyo yanaonekana, anamfokea mjomba aliyebeba bomba kwamba dawa anaipulizia mawinguni na mkorosho anauacha. Shamba letu lilikuwa mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, na mama hakumsubiri bwana shamba yeyote kuja kumfundisha kazi. Akirudi nyumbani alikuwa na unga wa njano kwenye nyusi, nasi wanawe tukimcheka. Na alikuwa na sauti, mama huyo! Akiita kutoka mwisho wa shamba, mimi niliye jikoni niliacha chungu cha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kikichemka nikakimbia, maana hakuwa mtu wa kuita mara mbili.

Kila msimu alikohoa. Kila mtu alikohoa. Kwetu kikohozi cha salfa hakipelekwi popote. Unakunywa maji moto, kikizidi unakunywa maziwa, na korosho zikianza kudondoka kimekwisha.

Mwaka ule hakikuisha. Nilikuwa nimeshahamia mjini, nauza vitenge sokoni Chikongola, na mdomo ninao: nimefika kidato cha nne, mteja hanishindi kwa maneno. Mama Kiswahili alikijua vizuri, ila mbele ya mtu wa ofisi aliinamisha kichwa na kujibu kwa Kimakonde, tena kwa sauti ya chini. Basi zahanati nikawa nampeleka mimi, na nikawa namsemea mimi.

"Shikamoo daktari. Mama ana kikohozi cha salfa."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema tu kwamba ana kikohozi nikaishia hapo. Daktari yule, sitamtaja yeye wala zahanati yake, hakuinuka kwenye kiti. Alivuta daftari letu, akaandika, akatupa dawa ya maji na vidonge. Tulirudi mara nne, na mara zote nne aliandika maneno yaleyale. Nadhani alikuwa akifungua ukurasa uliopita na kunakili, kwa sababu hata herufi aliyoiruka aliiruka palepale. Kipimo cha kusikilizia kifua kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake muda wote kama mkufu wa harusi. Mpaka leo nikikikumbuka kile kipimo nashikwa na hasira. Mtu amekonda mpaka gauni linamzunguka, wewe unamtazama, unaandika salfa!

Lakini neno lenyewe alilipata kwangu.

Mara ya tano daktari alikuwa safarini. Tulimkuta nesi mgeni, binti kutoka Kanda ya Ziwa, hajamaliza hata mwezi kwetu. Nikaanza maelezo yangu. Akanikatisha.

"Samahani dada. Salfa ndiyo nini?"

Nilicheka. Nikamweleza kwa madaha kama namuuzia kitenge: dawa ya unga, inapuliziwa kwenye mikorosho, maua yasiharibiwe na ukungu.

"Inapuliziwa mwezi gani?"

"Wa sita. Wa saba. Wa nane, ukichelewa sana."

Aligeuka akatazama kalenda ukutani. Hakuwa ananisuta, alitaka kujua tu. Ilikuwa Januari. Korosho tulishaokota zikaisha, mabibo yalishaozea chini, na mimi, mtoto wa mkulima, nimesimama kwenye chumba cha daktari nasema salfa mwezi wa kwanza.

Nesi akasogeza kiti chake karibu na mama.

"Mama, usiku unatoka jasho?"

"Natoka, mwanangu. Khanga naikamua."

Alisema kwa Kiswahili, wazi kabisa, bila kunitazama. Nami nikazikumbuka zile khanga. Kila nilipolala kijijini nilizikuta asubuhi zimeshaanikwa kambani, nikajisemea, mama huyu kwa usafi hajambo.

Walichukua makohozi kwenye kikopo. Kilikuwa kifua kikuu. Mjini alipigwa picha, pafu la kushoto likaonekana limeliwa sehemu kubwa, na daktari wa huko akatuuliza kwa upole tulikuwa wapi siku zote hizo. Mama alimeza vidonge miezi sita bila kuruka hata siku moja, na ugonjwa ukaondoka. Pumzi haikurudi. Msimu uliofuata alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mbali na vumbi, wengine wakipulizia. Akitaka kuniita alipiga sufuria kwa mwiko. Tulizoea, na hata tulitaniana juu ya hiyo sufuria, yeye akiwa wa kwanza kucheka mpaka kikohozi kimzuie. Aliishi nasi hivyo misimu miwili tu.

Katika msimu wa pili nilikwenda kumsaidia kubangua korosho za kula nyumbani. Tulikuwa wawili, barazani. Siku nyingi nilikuwa nimetaka kumwomba radhi na sikujua pa kuanzia, nikajikuta nimeanza na swali la lawama.

"Mama, wewe hukujua kwamba ile si salfa?"

"N'lijua." Alipumzika kidogo, maana hata neno moja lilikuwa linamchosha. "Salfa naijua mie."

"Sasa mbona hukusema?"

Alichagua korosho moja nzima, isiyovunjika, akaniwekea kiganjani.

"Ulikuwa unaongea vizuri na daktari," alisema. "Nikawa nakusikiliza."